Ku vita ya hadithi, nani alibeba bunga?

Ilikuwa siku ya posho, magaribi, mu kiwanja cha nyumba tunamokutania sisi watu wa sendika. Umeme ulikuwa umerudi kisha siku mbili, na watoto wakatosha televizyo inje. Waliweka filimu ile ya « Le Seigneur des anneaux », Bwana wa Pete, sehemu ya tatu, ile yenye vita kubwa. Tulikuwa watu karibu makumi ine: wachimbaji waliotoka kazini na udongo ungali ku viatu, wamama wenye watoto mugongoni, na vijana ambao shule iliwashinda juu ya pesa.

Farasi elfu sita wakateremuka kilima. Vijana wakasimama, wakapiga kelele. Mmoja, mtoto wa mwenzetu, akashika muti wa fagio kama mukuki, akawa anazunguka kiwanja. Njo pale papa mmoja wa pansioni, mwenye aliendesha mashini ya kutoboa mawe miaka mingi, akauliza polepole: « Bale bafarasi bote, banakulaka nini? »

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza: « Na bunga ya bale baaskari, nani anaibebaka? » Mbele mtu amujibu, umeme ukakatika. Tukabaki mu giza na ulizo lile.

Ulizo halikutuacha. Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari akatuazima kitabu chenyewe kwa Kifaransa, vitabu vitatu vinene. Tulikisoma kwa zamu, magaribi kisha kazi. Mwenye kusoma vizuri alisomea wengine na kuwageuzia kwa Kiswahili. Ilituchukua miezi. Tulizani tunasoma hadithi ya watoto, kumbe tulikuta humo mambo ya kazi.

Mwenye kuandika alilala mu tope

Tuanze na mwenye kuandika. Jina lake J.R.R. Tolkien, Mwingereza. Alizaliwa huku kwetu Afrika, ku Bloemfontein, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Baba yake alikuwa anatumika ku banki. Mama yake alimupeleka Uingereza akiwa na miaka mitatu. Mu mwaka 1916 alipelekwa vitani, inchi ya Ufaransa, ku muto Somme. Alikuwa ofisa wa kupitisha habari: simu, bendera, taa, njiwa. Risasi haikumupata. Chawa njo walimutosha ku vita: walimupa homa ya mahandaki, na mu mwezi wa 11 akarudishwa kwao mugonjwa. Marafiki zake wawili wa tangu shule walikufa mu mwaka ule ule.

Kitabu kilitoka mu 1954 na 1955. Mambo mengi ndani yake ni ya kuwaza tu: wachawi, miti yenye kutembea, pete yenye kutawala watu. Lakini njaa yake na uchovu wake tuliutambua mara moja, kama vile mtu anavyotambua harufu ya nyumba yao. Mwenye alilala mu tope anajua kwamba askari anawaza chakula mbele ya kuwaza ushindi.

Hesabu ya farasi

Tukarudi ku ulizo la papa. Tulichukua kalamu na karatasi.

Kitabu kinasema mfalme Théoden wa Rohan alienda kusaidia muji wa Minas Tirith na watu elfu sita, kila mmoja na farasi wake. Walisafiri karibu siku tano. Farasi mwenye kufanya kazi anataka karibu kilo 10 za majani na nafaka kwa siku, na maji litre 30 ao zaidi. Zidisha kwa 6000: ni tani 60 za chakula kwa siku moja, na litre 180 000 za maji. Tani 60 ni makamiyo mawili makubwa, kama yale tunayoona yamepanga mustari barabara ya Kasumbalesa. Kwa siku tano, makamiyo kumi. Na kule kamiyo haiko.

Tuseme farasi walikula majani ya njiani. Sawa. Lakini jeshi lenye kusimama kula majani halikimbii, na Théoden alikuwa na haraka. Hesabu watu sasa: nusu kilo ya bunga kwa kila mmoja, ni tani 3 kwa siku, mifuko 120 ya kilo 25. Siku tano, mifuko 600. Mama mwenye anauzisha bunga kwa mekari ku soko anaweza kutuambia mifuko 600 inatoka mu shamba kubwa namna gani, na mikono ngapi ilipalilia.

Chuma nayo? Kila mukuki ulipita mu moto. Hapa Katanga hatuhitaji mtu atufundishe. Mbele ya Wazungu kufika, wazee wetu, wale walioitwa « wakula-shaba », waliyeyusha mawe ya kijani kwa makala, mu matanuru waliyojenga na udongo wa kichuguu, wakatosha misalaba ya mukuba. Nyuma ya kila musalaba kulikuwa miti iliyokatwa, makala yaliyochomwa, na watu wa kuvuvia moto muchana na usiku. Tolkien alijua hayo. Mu kitabu chake, mchawi Saruman anachimba mashimo ku Isengard, anaweka matanuru chini ya udongo, anakata pori lote la kando juu ya kupata silaha. Mwisho miti yenyewe inasimama na kuja kumubomolea.

Mashamba ambayo hatukuonyeshwa

Na adui? Mordor ni inchi ya majivu, mawe na moshi. Pale kijana mmoja wetu akasema: « Basi hii hadithi ni bongo, jeshi kubwa vile haiwezi kula mawe. » Tukatafuta. Tukakuta fungu moja dogo, Frodo (ku filimu ya Kifaransa wanamuita Frodon) na mwenzake Sam wakiwa ndani ya ile inchi. Mwandikaji anaeleza kwamba upande wa kaskazini kulikuwa migodi na matanuru, lakini mbali sana upande wa kusini, kando ya ziwa Núrnen, kulikuwa mashamba makubwa yanayolimwa na watumwa. Tena barabara ndefu zilileta magari ya vitu, na watumwa wapya, kutoka inchi zinazotozwa kodi.

Ni mistari michache tu. Filimu haikuwaonyesha. Lakini bila wale watumwa, adui asingepigana hata juma moja. Jicho kubwa la moto juu ya munara, lile ambalo watoto wanachora ku ukuta, lilikuwa linalishwa na mtu mwenye jembe.

Na vita vilipokwisha, mfalme mupya Aragorn alifanya jambo ambalo tulilisoma mara mbili: aliwaachilia watumwa wa Mordor, na akawapa mashamba yale yote ya kando ya Núrnen yawe yao. Hakuwaambia tu « asante, muende ». Aliwapa udongo.

Mtu aliyetoshwa ku filimu

Sasa tufike kwa mtu tuliyemupenda kupita wote. Jina lake Ghân-buri-Ghân.

Théoden na watu wake elfu sita walikwama. Adui alikuwa amefunga njia kubwa. Kando kulikuwa pori, na mu pori wenyeji wafupi, wenye kuvaa majani, ambao watu wa inchi waliwawinda kama nyama. Mukubwa wao akaja mbele ya mfalme. Kwanza alimuonyesha kama anajua hesabu: alihesabu lile jeshi lote, na hesabu yake ilifika elfu sita kamili. Halafu akasema kuna njia ingine.

Ilikuwa njia gani? Wandugu wachimbaji, musikilize. Ilikuwa njia ya karier. Zamani sana, watu wa Gondor waliikata mu milima juu ya kupitisha magari ya mawe. Ilikuwa pana, farasi wane wanaweza kupita pamoja. Wakubwa walikuwa wameisahau, majani yakaifunika. Watu wa pori peke yao hawakuisahau. Wale walioitengeneza hawakuandikwa mahali popote, lakini kazi yao iliokoa muji mukubwa kisha miaka mingi.

Na muangalie namna Ghân alivyozungumuza. Alisema watu wake hawatapigana vita ya farasi. Wataonyesha njia, basi. Yeye mwenyewe atatembea mbele, na kama anadanganya, wamuue. Mfalme akamuahidi zawadi kubwa. Ghân akakataa zawadi. Akataka jambo moja: vita ikiisha, watu wake waachwe mu pori lao, wasiwindwe tena kama nyama. Mfalme akakubali, na kisha hapo mguu wa kwanza ukainuliwa.

Sisi tuna miaka ya kukaa ku meza na wakubwa wa kazi, na tunasema wazi: tumejifunza kwa yule mzee wa majani. Mara ngapi tumeingia shimo kwanza, na kuuliza bei kisha? Mara ngapi mwenzetu mmoja alipewa simu mupya ao kreti ya bia, akanyamaza juu ya wote? Ghân aliomba mbele ya kazi, aliomba kwa ajili ya wote, na aliomba kitu ambacho hakiozi. Kisha vita, Aragorn akawapa pori lile liwe lao siku zote, mtu wa inje asiingie bila ruhusa yao.

Ku filimu, yule mtu haiko. Walimutosha. Farasi wanatokea tu juu ya kilima, jua linachomoza, muziki unalia, vijana wetu wanashika fagio. Nani aliwaonyesha njia? Kimya.

Ukuta na tundu lake

Kuna fungu lingine la kazi yetu: vita vya ngome ya Helm. Ukuta ni mukubwa na mugumu. Lakini chini yake kuna tundu la kupitisha maji, kwa sababu kijito kinatoka ndani. Kila mwenye alifanya kazi chini ya udongo anajua: usiangalie ukuta, angalia maji yanapita wapi. Adui aliingia mara ya kwanza kwa lile tundu. Gimli, mutu wa kabila la wachimbaji wafupi, akasimamia watu, wakaziba kwa mawe, wakaacha nafasi ndogo ya maji. Alikuwa amekwisha kusema mbele kwamba akipewa mwaka mmoja na watu mia moja wa kwao, angetengeneza mahali pale adui asipite kabisa. Hakupewa. Usiku ule adui akarudi mu tundu lile lile na moto wa kupasua, ukuta ukafunguka.

Haya Tolkien hakuyatosha mu hewa. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya vita vya Somme, Waingereza walipasua mina kubwa chini ya mahandaki ya Wadachi karibu na kijiji La Boisselle. Ile yenye kuitwa Lochnagar ilikuwa na karibu tani 27 za baruti. Shimo lake lingali pale hadi leo: karibu metre 100 kwa upana, na zaidi ya metre 20 kwenda chini. Nani alichimba? Wachimbaji wa makaa na watu wa mifereji, waliochukuliwa ku migodi na kuvalishwa nguo ya askari. Walipokaribia adui walivua viatu, waliongea kwa kunong'ona, walitosha mawe polepole kwa ncha ya kisu cha bunduki, na kuyapokea mu mikono yasianguke. Tolkien alipigana vita vyake vya kwanza mu mwezi ule ule, karibu na hapo, ku Ovillers.

Jambo lingine la kutia mu kichwa: mchimbaji mwenye ufundi alilipwa shilingi 6 kwa siku, wakati askari wa kawaida alikuwa na shilingi 1. Wakubwa wa jeshi walijua bei ya mikono ile pale walipoihitaji. Tusiambiwe tena kwamba ufundi wa kuchimba hauna bei.

Mwenye masufuria

Frodo alibeba Pete, na dunia yote inajua jina lake. Lakini nani alimubeba Frodo? Sam, mutunza bustani. Sam alitoka kwao na masufuria mugongoni na chumvi mu kifuko. Alipika sungura, akawasha moto mudogo usio na moshi mwingi. Mu Mordor aligawa mukate, akamuachia mwenzake maji. Masufuria aliyatupa mu ufa wa mawe mwishoni kabisa, na ilimuuma moyo. Kisha akamutia Frodo mugongoni na kupanda mulima.

Wamama waliokuwa wanasikiliza walinyamaza pale. Mmoja akasema: « Huyu njo sisi. » Hatukuwa na la kuongeza.

Na kwetu?

Mwaka ule 1916, Tolkien akiwa mu tope la Somme, jeshi la Kongo ya Wabeleji lilikuwa linatembea kwenda Tabora, na likauingia muji ule tarehe 19 Septemba. Tabora tunaisikia. Wapagazi hatuwasikii. Walikuwa zaidi ya 200 000, wakibeba risasi, chakula na wagonjwa ku vichwa na mabega, na wengi hawakurudi. Shaba ya Katanga nayo ilienda kutengeneza risasi za Ulaya.

Vita vya pili vilipofika, shaba ikatakiwa zaidi, bei ya vitu sokoni ikapanda, mushahara ukabaki nyuma. Wafanyakazi wa Union Minière wakagoma mu mwezi wa 12, 1941. Hapa Lubumbashi walikusanyika ku kiwanja cha mupira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, mwenye kusema kwa niaba yao, akafa pale. Hawakuwa vitani, lakini vita viliwaua.

Kwa hiyo tusiseme hadithi ya Pete ni ya watu wengine. Lakini tusijisifu pia. Kuna jambo letu, na tunalisema hapa wenyewe.

Miaka fulani nyuma, ku karier moja ambayo hatutaitaja, udongo ulibomoka. Sisi tulikuwa pale na daftari ya sendika. Tulisoma majina ya wachimbaji, mmoja mmoja, na wote wakaitika. Tukasema: asante Mungu, hakuna mtu ndani. Tukaketi. Nyuma ya saa mbili mama mmoja akafika kumuuliza kijana wake. Alikuwa anabebea wachimbaji maji na mikate. Hakuwa mchimbaji, basi hakuwa ku daftari. Tukarudi kuchimba, tulimukuta usiku, amekwisha kufa. Na pesa ya pole ilipotoka, jina lake halikuwako tena, kwa sababu liste ilitoka mu daftari ile ile. Daftari ilikuwa yetu. Mama yule anapita ku barabara yetu hadi leo, anatusalimia.

Tulipofika ku fungu la Ghân, na kuambiwa kwamba filimu ilimutosha, hatukucheka wakubwa wa sinema. Sisi pia tulitengeneza filimu yetu, tukamutosha mtu.

Tangu hapo tumeongeza kurasa. Wamama wenye kuosha na kuchagua mawe, wenye kupika bukari, vijana wenye kusukuma kinga na mifuko, walinzi wa usiku, wenye kubeba maji: wote wanaandikwa, jina, kiwanja, na mtu wa kuita wakipata hatari. Mtoto mwenye umri wa shule hafai kuwa ku karier, tunarudilia hivyo kila siku na tunamurudisha nyumbani. Lakini siku anapokuwa pale, jina lake lazima lijulikane.

Filimu tuliimaliza siku ingine ya posho. Yule kijana wa fagio alikuwa pale. Akatuambia: « Ni heri kuwa askari. Askari anakula, mchimbaji anashinda na njaa. » Papa wa pansioni akamujibu: « Askari anakula juu kuna mutu amemubebea. Siku ule mutu anaweka muzigo chini, utaona kama bunduki inapikwaka. »

Hatujui kama kijana alisadiki. Aliketi, fagio mu mikono, akaangalia hadi mwisho.

Wandugu, wamama, wazee: siku ile tunaiita siku ya posho kwa sababu njo siku wababu zetu walipokea chakula cha juma, kilo kwa kilo, jina kwa jina. Mwenye jina halikuwa ku liste, hakula. Daftari yetu iko wazi siku ile, kuanzia saa nane ya muchana. Mukuje na majina ya wote, na ya wale ambao hawachimbi.